Mjadala: Je, miwani yenye kamera ikatazwe katika shughuli za wanawake?

Bi Kibokoni

Assalam alaykum. Naleta mbele yenu suala ambalo msimu huu wa harusi limenikosesha raha. Kwa miaka mingi tumelinda kupamba kwetu na vugo letu, shughuli za harusi za wanawake peke yao, kwa njia nyepesi: kadi inasema simu zisitumike kupigia picha, mlangoni anakaa mtu wa kuaminika, na ukumbini wanawake wanavua mabuibui wakijua kuwa hakuna mwanamume asiye maharimu atakayewaona. Sasa imekuja miwani janja. Ile ya Ray-Ban na Meta, kampuni yenye Facebook, iliyotoka mwaka 2023 ina kamera ya megapikseli 12 kwenye kona ya fremu, pamoja na maikrofoni na spika zilizofichwa ndani yake, na kwa macho ya mama anayelinda mlango haina tofauti na miwani ya kawaida. Rai yangu ni kwamba ikatazwe kabisa katika kila shughuli ya wanawake, na bunge la kaunti yetu ya Mombasa litunge sheria ya kumwadhibu anayekiuka. Google walipoleta ya kwao zaidi ya miaka kumi iliyopita, watu waliikataa hadharani ikafa, basi na hii inaweza kukataliwa. Nasema wazi pia kwamba wanaotuletea miwani hii ni ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka ng'ambo, ambao wamekwisha kuzoea kuonyesha kila kitu.

Ukhti wa Leicester

Shikamoo Bi Kibokoni. Hoja yako ya ulinzi naiheshimu, lakini sentensi yako ya mwisho imeniumiza na siwezi kuipita. Sisi tulio huku Uingereza tunavaa hijabu mahali ambapo kila asubuhi ni uamuzi, wala si mazoea ya mtaa, na hatuna sababu ya kudharau sitara ambayo tumeigharamia. Picha za harusi ya ndugu yangu zilizosambaa katika makundi ya WhatsApp hazikupigwa na mgeni wa ng'ambo, zilipigwa na jirani kwa simu ya kawaida, tena jirani aliyealikwa kwa heshima. Na wanaotuomba tuonyeshwe sherehe moja kwa moja kwa simu, na sisi tuwaonyeshe zetu, ni shangazi zetu walioko hapo hapo Mombasa. Ikiwa kosa ni la tabia, litajwe kama tabia, lisibandikwe kwenye pasipoti ya mtu.

Mwalimu wa Kisauni

Naomba turudi kwenye miwani yenyewe, kwa sababu Bi Kibokoni amesimulia habari ya Google nusu. Miwani ile iliuzwa dola 1,500 kuanzia mwaka 2013, na biashara yake kwa watu wa kawaida ikasimamishwa mwaka 2015, lakini haikufa: toleo la viwandani liliendelea hadi mwaka 2023. Jambo la kuzingatia ni kwamba kamera yake ilionekana wazi usoni, ndiyo maana watu waliweza kuikataa na baadhi ya mikahawa Marekani ikaizuia mlangoni. Hii ya sasa imetengenezwa ifanane na miwani ambayo watu wamevaa tangu zamani, na bei yake ilianzia dola 299. Kukataliwa kwa ile hakutufundishi namna ya kuikataa hii.

Nina jambo jingine lililo moyoni mwangu zaidi. Nimefundisha watoto wasioona kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Programu ya Be My Eyes, iliyoanzia Denmark na kutolewa mwaka 2015, humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemsomea maandishi au kumwelekeza njia, na sasa inafanya kazi ndani ya miwani hii, hivyo mtu anabaki na mikono yake miwili kwa ajili ya fimbo na mtoto. Mnaposema ikatazwe kabisa, mnamaanisha nani abaki nje ya ukumbi? Dada asiyeona hana haki ya kuhudhuria harusi ya mdogo wake?

Bi Kibokoni

Mwalimu, nimekusoma na nimehuzunika, kwa sababu sikumtaja asiyeona hata mara moja na hakuna ukumbi wa Waswahili ambao mtu wa namna hiyo huachwa aongozwe na mashine. Atashikwa mkono na wifi zake, ataelezwa rangi ya lesi na mchoro wa hina, na atalishwa kabla ya wenye macho. Usinifanye adui wa watu niliowahudumia maisha yangu yote. Isitoshe, huyo mtu wa kujitolea anayesoma kupitia kamera ni mwanamume au mwanamke? Anaona nini akiwa Denmark?

Kwa Ukhti nasema kwamba sikutaja pasipoti. Hata hivyo miwani hii haiuzwi katika maduka ya Biashara Street, na anayeileta ni yule anayerudi na mikoba. Huo ni ukweli wa njia inayopitia, si tusi.

Wakili wa Nyali

Kabla hatujafika kwenye mikoba, tuangalie sheria inasema nini, kwa sababu ombi la Bi Kibokoni lilikuwa la kisheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo ni taasisi. Mtu binafsi anayechakata data kwa shughuli zake za kibinafsi au za nyumbani amesamehewa na sheria hiyo hiyo, kwa hiyo mgeni anayerekodi ukumbini na kuitazama video peke yake nyumbani anaweza kujitetea kwa msamaha huo. Pengo lipo, nalo ni kubwa.

Lakini marufuku ya mlangoni ina ugumu ambao hakuna aliyeugusa. Miwani hii huwekewa lenzi za daktari. Mama mwenye macho mabovu anaweza kuivaa kuanzia asubuhi hadi usiku kama miwani yake ya pekee, na ukimwambia aivue mlangoni umemwambia aingie akipapasa, asimtambue hata bibi harusi. Ukimruhusu, umeruhusu kamera. Itabidi anayelinda mlango aikague fremu ya kila mwanamke, aguse uso wa kila mgeni, na nadhani harusi ya pili haitakuwa na wageni.

Wapo watakaosema kuwa taa ndogo iliyo mbele ya fremu inatosha, kwa kuwa huwaka mtu anaporekodi na ikizibwa miwani humtaka mvaaji aifungue. Mwaka 2021 wasimamizi wa faragha wa Ireland na Italia walieleza shaka kama taa ya toleo la kwanza, lililotangulia hili la 2023, inawatahadharisha watu ipasavyo, na hapo walikuwa wakifikiria barabara za kawaida. Katika ukumbi uliojaa taa za rangi, dhahabu na nguo za kumetameta, nani ataiona nukta moja ya mwanga? Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard waliunganisha miwani hii na mtambo wa kutafuta nyuso mtandaoni, wakaonyesha kuwa mtu aliyepishana nao njiani anaweza kujulikana jina na anwani. Hawakuutoa mfumo wao kwa umma, ila walithibitisha kuwa unawezekana.

Ukhti wa Leicester

Wakili ameeleza vizuri, nami nakubali kwamba kamera iliyofichika ni hatari kuliko simu. Ninachokataa ni kuendelea kuitwa "anayerudi na mikoba". Bi Kibokoni, mikoba hiyo ndiyo iliyolipia kumbi nyingi mnazozilinda. Na mimi ndiye niliyewazuia binamu zangu wasiivae katika harusi ya hapa Leicester, kwa sababu nilijua kwamba picha unayoiomba akili mnemba ya Meta ikuelezee haibaki kwenye miwani: inakwenda kwenye kampuni na inaweza kutumika kuifundisha hiyo akili mnemba. Tangu Aprili 2025 hata sauti za maagizo zinahifadhiwa, hadi mwaka mmoja, mpaka mwenyewe aende kuzifuta. Wangapi hapo Mombasa walikuwa wanayajua haya?

Mpigapicha wa Likoni

Nimesubiri mtu ataje kazi yangu na hakuna aliyeitaja, basi nitaitaja mwenyewe. Mimi ni mwanamke ninayepiga video za kupamba. Wenye shughuli hunichagua kwa sababu ni mwanamke, wananiamini, wanavua mabuibui mbele ya kamera yangu kubwa bila wasiwasi, kisha hawaniulizi swali hata moja kuhusu memori kadi. Kwa taarifa yenu, sehemu kubwa ya video za harusi za wanawake wa pwani huhaririwa studioni na vijana wa kiume, ambao hukaa siku kadhaa wakipunguza, wakirudisha nyuma, wakichagua nyuso zilizopendeza. Picha zile zile mnazozilinda mlangoni zinaangaliwa na mwanamume mmoja mmoja kwa utulivu wake, tena kwa malipo mliyotoa nyinyi. Miwani ya mgeni inaweza kuiba dakika tatu kwa mkupuo mmoja, ilhali kadi yangu ina saa tano.

Bi Kibokoni

Lahaula. Dada wa Likoni, unataka kuniambia kwamba kupamba kwa binti zangu wawili kumeonwa na vijana wa studio? Sasa nakuuliza waziwazi: unazihariri wapi wewe, na kadi hukaa kwa nani baada ya kazi?

Mwalimu wa Kisauni

Kabla hajajibu, naomba swali langu kuhusu asiyeona lisizikwe. Bado sijapata jibu.

Mpigapicha wa Likoni

Bi Kibokoni, mimi nahariri nyumbani kwangu, kwa kompyuta isiyounganishwa na intaneti, na kadi namkabidhi mama wa bibi harusi mkononi pamoja na nakala yake. Nililazimika kujifunza kuhariri kwa sababu hiyo, na bei yangu ni kubwa kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Wateja wengi wakisikia bei wanakwenda kwa mwingine bila kumuuliza ulichoniuliza wewe leo. Waliopiga za binti zako siwajui, ila stakabadhi bila shaka unazo, na namba yao ya simu iko juu yake.