Naomba ushauri: dadu zangu za zamani zinapata nyufa

Wakuu, habari zenu. Nakusanya dadu za michezo ya mezani, za pande 4 hadi 20, za plastiki, mbao na chuma. Ninazozipenda kupita zote ni za pande 6 za seluloidi (aina ya plastiki ya kale), za zamani, zinazopitisha mwanga vizuri mno. Sasa baadhi zimeanza kupata nyufa kwa ndani na zinatoa harufu kali. Seluloidi ikichakaa hutoa mvuke wa tindikali unaokula chuma na kuharibu seluloidi iliyo jirani, hivyo nimezitenga haraka. Je, nizihifadhi kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa? Na zile ambazo bado nzima, nizitenganishe mojamoja? Kuzitupa sitaki kabisa. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.