Tupeane uzoefu: mliofika Orvieto na vijiji vyake, mlikuta nini?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni. Tukiongelea Italia humu huwa ni Roma, Milano na Venezia tu. Naomba leo tuongelee miji midogo, na naanza na Orvieto, mkoa wa Umbria. Mji wote umekaa juu ya mwamba wa volkano wenye kuta wima. Ukiwa kwenye treni unauona juu yako kama sinia lililoinuliwa. Kutoka Roma kwa treni ya kawaida ni saa moja na robo hivi, na ukishuka stesheni kuna kigari kinachovutwa kwa kamba hadi juu. Njia yake ipo tangu 1888.

Nilikuwa nasoma Perugia, nikaenda Novemba kwa ajili ya kanisa kuu. Kilichonishika ni kisima.

Mwaka 1527 Roma iliporwa na majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano, na Papa Klementi wa Saba akakimbilia Orvieto. Mwamba ule adui haupandi kirahisi, lakini mji ukizingirwa watu watakunywa nini? Papa akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo achimbe kisima, kikamalizika 1537. Kinaitwa Pozzo di San Patrizio, kina mita 53 kwenda chini. Sasa sikilizeni ufundi wake: ngazi ni mbili, zinakizunguka kisima pamoja ila hazigusani, kila moja vidato 248. Punda anashuka na vyombo vitupu kwa ngazi hii, chini anavuka kidaraja, anapanda na maji kwa ngazi ile. Hakuna anayempisha mwenzake. Hata vidato ni vipana na vifupi kwa kimo, vya mguu wa punda.

Nimekulia kijijini Dodoma. Kiangazi tulikuwa tunaamka saa tisa usiku kupanga ndoo korongoni, kwenye visima vya mchangani. Njia ilikuwa moja, nyembamba. Wanaoshuka wanasukumana na wanaopanda na ndoo kichwani. Mama yangu aliwahi kuteleza hapo, maji yote yakamwagika, akarudi mwisho wa foleni. Nilipofika kwenye kile kidaraja, maji yakiwa chini ya miguu yangu, nilisimama muda mrefu. Mtu alikaa akaliwaza tatizo la kupishana, akalimaliza kabisa, karibu miaka 500 iliyopita.

Karibuni, kila mtu na alichokiona.

Mlezi wa Roma

Hamjambo wenzangu. Mimi ni Mkenya, natunza wazee hapa Roma, na siku yangu ya kupumzika ni Jumapili. Ndiyo maana nawaonya: msitegemee basi la kutoka Orvieto kwenda Bagnoregio, mji mdogo wa jirani, siku ya Jumapili. Nilisimama kituoni saa nzima, mama mmoja mzee akanionyesha ratiba ukutani, siku za kazi pekee. Nilihuzunika sana, nilikuwa nimeweka akiba miezi miwili. Yule mama akanielekeza njia ya miguu inayouzunguka mwamba kwa chini. Ni kilomita tano hivi, huku ukuta wa jiwe, huku mizabibu, na sikukutana na watu zaidi ya sita. Tangu nije Italia sikuwa nimepata kimya kama kile.

Mhehe

Dada pole. Huko Bagnoregio ulikokosa basi ndiko kulipo Civita, alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura. Kijiji kipo juu ya kilima kinachomegeka. Juu ni jiwe, chini ni udongo wa mfinyanzi, mvua inakula chini na juu kunadondoka. Unaingia kwa daraja refu la miguu tu, na kuna kiingilio. Wakazi wa kudumu wamebaki wachache mno. Lile bonde lake lenye nguzo za udongo, aliyefika Isimila pale Iringa ataelewa mara moja. Nenda asubuhi mapema. Mchana daraja linajaa.

Mwanautume

Tumsifu Yesu Kristo. Jamani, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ile tunayotembea barabarani na Ekaristi parokia zetu zote, iliagizwa kwa Kanisa zima na Papa Urbano wa Nne akiwa Orvieto hiyo hiyo, mwaka 1264. Mapokeo yanaiunganisha na muujiza wa Bolsena, mji wa jirani, wa mwaka uliotangulia, ambapo inasimuliwa hostia ilitoka damu wakati wa misa, na kitambaa cha altare cha muujiza huo kinatunzwa kwenye kanisa kuu. Siku ya maandamano hukipitisha mitaani. Nilikuwepo, nimebanwa kwenye ukuta wa kichochoro, nikaanza kuimba wimbo wa Ekaristi kwa Kiswahili, taratibu. Mzee aliyekuwa kando yangu akavua kofia.

Alizeti

Mimi nilivuna zeituni kwa siku nne shambani nje ya mji, mwishoni mwa Oktoba. Unatandika nyavu chini ya mti, unachana matawi kwa kireki kidogo, zinadondoka kama mvua. Jioni zinapelekwa kukamuliwa. Kwetu Singida nimezoea mashine za alizeti, harufu ile naijua, hii ni nyingine kabisa, ya majani mabichi. Walinimiminia mafuta ya kijani juu ya mkate uliochomwa, nikakohoa. Wakaniambia kukohoa ndiyo dalili ya mafuta mapya.

Mama Wawili

Nasoma tangu juu. Tunakwenda mwezi wa nne na binti yangu wa miaka sita. Ngazi za kisima ataziweza?

Mwanzisha uzi

Ataziweza, dada. Kushuka hata hatasikia. Kupanda ndiko kazi, mpumzishe kila mzunguko. Mvalishe sweta, kule chini kuna baridi. Na mwambie ahesabu madirisha ya ndani, yako 70.