Tupeane uzoefu: ofisi ndogo ya kusimamia mali za wateja, kazi inapokwama na kwa nini

Dawati la Nyuma
Wadau, uzi huu ni wa ofisi za watu watano au sita, ambako anayeingiza miamala ndiye huyohuyo anayepokea simu na kuandaa ankara. Tuweke namna kazi inavyofanyika. Simulizi za mabosi zina uzi wake.

Naanza na asubuhi: kulinganisha daftari letu na taarifa ya benki inayotunza mali za wateja. Anza na fedha taslimu, halafu idadi ya hisa, bei mwisho. Bei ikikosewa, ripoti inachafuka tu. Salio la fedha likikosewa, unaweza kununua kwa pesa ambayo haipo.

Tofauti nyingi si makosa. Mfumo wetu huandika muamala siku unapofanyika, benki huandika siku malipo yanapokamilika. Soko la Marekani hukamilisha malipo siku moja ya kazi baada ya muamala, tangu 28 Mei 2024. Umoja wa Ulaya na Uingereza, waliozoea siku mbili, wamepanga kuhamia huko 11 Oktoba 2027. Kwa hiyo kila tofauti iandikiwe tarehe inayotakiwa kujifuta. Iliyopitisha tarehe yake ndiyo ya kupigia simu. Ukiandika "tofauti ya muda" bila tarehe, itakaa hapo hadi mkaguzi aikute.

Safu B
Naongeza la Excel. Faili ya CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) usiifungue kwa kubofya mara mbili. Akaunti inayoanza na 00 inapoteza sifuri zake, na yenye tarakimu 17 inabaki na 15 za mwanzo, mbili za mwisho zinageuka sifuri. Matoleo ya zamani hayatoi onyo lolote. Ingiza faili kupitia menyu ya data, na safu ya akaunti uipe aina ya maandishi kabla haijaingia. Ukibadilisha baadaye, tarakimu zimeshapotea. Tarehe nazo: 03/04 ni Machi au Aprili kutegemea kompyuta ya nani. Tarehe 13 kwenda juu hugoma zenyewe na utaziona, ila 1 hadi 12 hupita kimyakimya.

Mtu wa Hati Fungani
Bei ya hati fungani (mkopo ulioikopesha serikali au kampuni) hutajwa kwa kila 100 ya thamani iliyoandikwa. Hati ya 50,000 kwa bei ya 98.5 ni 49,250. Mfumo ukiichukulia kama hisa, unamwonyesha mteja 4,925,000. Hilo angalau linaonekana haraka. Linalojificha ni riba iliyokwisha kulimbikizwa: kwa riba ya 6% na siku 60 tangu malipo ya mwisho, kwa hesabu ya mwaka wa siku 360, mnunuzi analipa 500 juu ya bei. Ukiiingiza 500 hiyo kwenye gharama ya ununuzi, faida utakayoripoti siku ya kuuza itakuwa pungufu.

Kugawanywa kwa hisa ni mtego mwingine. Kampuni ya Nvidia walipogawanya kila hisa moja kuwa kumi Juni 2024, bei ilishuka hadi sehemu ya kumi asubuhi hiyohiyo. Bei huingia yenyewe. Idadi mara nyingi husubiri mtu aithibitishe. Akichelewa, mteja anafungua simu na kuona hisa hiyo imeanguka 90%. Gharama ya jumla haibadiliki, ya kila hisa ndiyo inagawanywa kwa kumi.

Funguo Mbili
Nimesoma yote hayo, lakini kinachoua ofisi ndogo ni maagizo ya malipo kwa baruapepe. "Niko safarini, siwezi kupokea simu, tumeni 80,000 kwenye akaunti hii mpya." Kukagua anwani ya mtumaji hakutoshi, kwa sababu mara nyingine ujumbe umetoka kweli kwenye sanduku la mteja ambalo mwizi ameshaliingia. Piga namba iliyo kwenye jalada, si iliyo kwenye ujumbe. Na usimsomee namba ya akaunti aseme "ndiyo". Mwache aisome yeye.

Anayeandaa malipo asiwe anayeyaachilia. Mwenzake akiwa likizo, awepo wa tatu aliyesajiliwa benki mapema. Kuacha kifaa cha benki cha kutoa namba za siri, pamoja na PIN yake, kwenye droo ya jirani ni sawa na kuwa na ufunguo mmoja.

Dawati la Nyuma
@Funguo Mbili hapo kwenye kusoma namba, asante, naongeza kwenye fomu yetu.

Swali: mteja akilalamika kwamba ripoti inasema kapata 4.5% na yeye haoni hata senti?

Mlinzi wa Asilimia
Mara nyingi wote wawili mko sahihi. Alianza na 100,000 ikawa 110,000: 10%. Akaongeza 90,000, jumla 200,000, kisha soko likashuka 5%, zikabaki 190,000. Ripoti inazidisha 1.10 kwa 0.95, inapata 1.045. Mfukoni mwake katoa 190,000 na ana 190,000. Kipimo cha kwanza kinampima meneja, ambaye hakuchagua siku ya kuongeza pesa. Weka vyote viwili ukurasa wa kwanza, na faida ya pesa taslimu itangulie.

Pesa iliyoingia katikati ya robo mwaka ndiyo pia huvuruga ankara. Ada ya 1% kwa mwaka ni 0.25% kwa robo. 200,000 zikiingia zikiwa zimebaki siku 30 kati ya 90, ada yake ni 166.67, si 500. Mifumo mingi hufuata salio la siku ya mwisho usipoielekeza vingine, kwa hiyo kabla ankara hazijatoka, chuja wateja wote walioingiza au kutoa zaidi ya 10% ya mali zao ndani ya robo hiyo na uwakokotoe kwa mkono. Hawazidi wachache, ni kazi ya saa moja.