Watoto wa Chumbageni – Japani 🇯🇵

Da Rehema 09:12
Asalaam alaykum. Jumamosi tunampeleka Mama Mkubwa mtaa wa Shinsekai, hapa Osaka, tukale kushikatsu. Andikeni majina hapa kabla ya saa sita. Duka lenyewe dogo, viti vya kaunta tu.

Da Rehema 09:14
Kwa wageni wa Osaka: ni mishikaki, ila inapakwa uji wa unga, inaviringishwa kwenye chenga za mkate, inatumbukizwa mafutani. Nyama, kamba, kitunguu, mayai ya kware, mpaka tangawizi nyekundu ya siki.

Da Rehema 09:51
Mmesoma watu 9. Tisa!

Sefu 10:05
Sheria ya pale ni moja. Sosi unachovya mara moja tu. Ukishang'ata, kijiti hakirudi kwenye bakuli la wote

Mwana 10:05
Basi Hamisi asije 😂😂

Sefu 10:06
Bakuli la mbaazi kwa Bi Zuhura 😂

Mwana 10:06
Hamri lina meno, mbaazi zina meno

Hamisi 10:09
Nilikuwa na miaka 8 jamani. Na tangu korona maduka mengi wameweka sosi kwenye chupa, kila mtu anajimiminia

Mwana 10:10
Za bakuli bado zipo. Sosi ikikuishia unachota kwa kabichi

Da Rehema 10:11
Nimeomba idadi!!

Hamisi 10:12
Idadi ya walaji au ya walipaji? Safari ya mji wa Nara tulikwenda 6 tukalipa 4

Da Rehema 10:12
Hamisi usianze.

Hamisi 10:13
Sijaanza. Mwenye gari anajijua

*Ujumbe huu umefutwa*

Sefu 10:15
Nimeuwahi 👀

Mwana 10:16
Hamisi panda mnara wa Tsutenkaku ukasugue nyayo za Billiken, ile sanamu ya bahati, hela zako zitarudi 😂

Mama Mkubwa 10:31
Hayo mafuta wanakaangia nini.

Da Rehema 10:58
Shikamoo mama. Huku Osaka kushikatsu hasa ni ya ng'ombe, si kama Tokyo

Mama Mkubwa 11:02
Marahaba. Nimeuliza mafuta.

Sefu 11:10
Mama, nguruwe anaingia kikaango hichohicho. Na pengine mafuta yenyewe ni ya mnyama

Mama Mkubwa 11:14
Basi nitakaa nje niutazame huo mnara. Nyie kuleni. Baba yenu angekuwepo, nisingeuliza mimi.

Da Rehema 12:40
Hakuna atakayekula mama yuko nje. Natafuta pa halali.

Mwana 12:55
Si tukaange wenyewe? Vijiti ninavyo, chenga za mkate ziko supamaketi yoyote

Da Rehema 12:56
Kwa Sefu.

Sefu 13:20
Kwangu tangu lini? Ngoja niongee na wifi yenu

Kaka Omari 21:47
Shikamoo Mama Mkubwa. Samahanini, nilikuwa zamu. Nimo! Hiyo kushikatsu duka gani?

Da Rehema 21:49
Kaka, soma juu.

Da Rehema 21:52
Jumamosi saa tano asubuhi, kituo cha Dobutsuen-mae. Wote. Habari ya kula tutajua Sefu akijibu.

Hamisi 21:53
Na ya Nara?