Nimesinzia mara 2 kwenye filamu ya besiboli aliyonipa mzee wa kazini, nimwambie nini?

Mtu wa Zamu: Wakuu, habari za Jumapili. Niko Worcester, Massachusetts, napanga maboksi ghalani usiku. Kuna mzee wa Kimarekani napiga naye kazi, sitini na ushee, Jumapili anacheza besiboli na wenzake wenye vitambi. Kanipa DVD ya Eephus, ya Carson Lund, ya 2024. Kasema, "Hayo ndiyo maisha yangu."

Mara ya kwanza nililala dakika ya 20. Ya pili nimejikaza hadi nusu. Watu wanakunywa bia, wanalalamikia magoti, wanataniana, mpira wenyewe hauendi. Kesho tuko zamu moja, lazima ataniuliza. Nidanganye au niseme sikuelewa kitu?

Kona Kavu: Mwambie ni kali sana, halafu muulizie wajukuu haraka haraka 😂

Bi Mwasiti: Usimsikilize huyo. Ukiulizwa swali moja tu umeumbuka.

Anzia kwenye jina. Eephus ni mpira wa makusudi wa polepole: mrushaji anaupandisha juu kama anamrushia mtoto, unashuka taratibu. Mpigaji aliyezoea mipira ya kasi anazungusha gongo mpira haujafika. Aliyeutia umaarufu ni mrushaji Rip Sewell wa timu ya Pittsburgh, miaka ya 1940. Ila ni kamari. Mwaka 1946, kwenye mechi ya nyota pale Boston, mpigaji Ted Williams aliusubiri, akaupiga ukavuka uzio. Mwaka 1975 mrushaji Bill Lee wa Red Sox, timu ya Boston, naye akamrushia Tony Pérez kwenye mechi ya 7 ya fainali, yakamkuta yale yale. Huyo Lee yumo kwenye filamu, mzee wa mvi. Mpaka hapo ulikuwa umeshalala, nahisi.

Sasa filamu nayo inakurushia hivyo hivyo. Wewe umezungusha gongo mapema.

Veterani wa Tandika: Mkuu, umecheza chandimu wewe? Kiwanja chetu cha maveterani kilipochukuliwa kijengwe maghala, mechi ya mwisho tuliicheza hadi giza. Kipa alikuwa anasikilizia kishindo cha mpira, hauoni. Refa ana filimbi mdomoni na hapulizi. Dakika 90 zilishapita zamani.

Hao wa kwenye filamu kiwanja chao kinajengwa shule. Hilo ndilo lilinichoma, maana sisi tulikuwa na tajiri wa kumtukana. Shule utaitukana vipi?

Bi Mwasiti: Na besiboli haina saa ya kumaliza mechi. Awamu 9, mkifungana mnaongeza, mnaongeza tena. Kwa hiyo hawa wazee hawana wa kuwaambia muda umekwisha, inabidi wakubali wenyewe. Mtoa mada, itazame jua linapozama, simu weka chumba kingine. Mwangalie yule mzee wa daftari anayeandika alama.

Kona Kavu: Mimi bado nasema aulizie wajukuu.

Mtu wa Zamu: Mrejesho. Jana nimeitazama yote. Wanapowasha taa za magari ili waendelee kucheza, nilikuwa nimekaa wima kitandani. Wanabishana, wamechoka, wanataka kwenda nyumbani, na hakuna anayeondoka. Mwaka jana nilivyomsindikiza kaka uwanja wa ndege tulifanya vile vile pale mlangoni, nusu saa nzima, hatuongei la maana.

Usiku nikamwambia mzee ukweli, kwamba nililala mara mbili. Akacheka hadi akaweka boksi chini. Kumbe naye alisinzia kidogo katikati.

Shida mpya: Jumapili wamepungukiwa mtu mmoja, kanikaba niende. Mimi natumia mashoto. Glavu navaa mkono upi?

Bi Mwasiti: Wa kulia. Unadakia kulia, unarushia kushoto. Glavu za mashoto ni adimu kuazima, mwambie leo leo atafute.