Mrejesho: Probox ya injini ya 1NZ iliyokuwa ikipungukiwa na kulanti

Asanteni nyote. Swali lilikuwa hili: kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua, chini ya gari hakuna tone, na temperecha inapanda ukitoka Nakuru kuelekea Mau Summit. Mhalifu ni pampu ya maji, si gasketi ya silinda hedi kama wengi mlivyohofia.

Ushahidi uko kwenye kijitundu cha pampu, nyuma ya puli (gurudumu linalozungushwa na fenibelti): utando wa waridi uliokauka. Sili ya ndani ikichoka, kulanti hupenya hapo na joto la injini huikausha kabla haijadondoka. Basi usiangalie sakafu, mulika tochi pale.

Injini ikishapoa kabisa na kulanti kumwagwa, legeza bolti za puli kwanza, fenibelti ikiwa bado imekaza. Ukitoa belti mapema, puli itazunguka na spana. Pampu ikishatoka, gasketi yake ya zamani ikwanguliwe kwa plastiki, maana bisibisi hukwaruza aluminiamu na mkwaruzo mmoja hurudisha uvujaji. Bolti za pampu zinataka Nm 11 tu (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Nguvu zaidi huua nyuzi za matundu ya bolti.

Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled), kamwe si ya bomba, kwani chumvi zake huziba rejeta (kipozea cha kulanti). Washa injini kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, hita kwenye joto kamili, uongeze hadi mapovu yaishe.

Kifuniko hicho kikiwa kimelegea, kibadilishe pia, maana ndicho kinachoshika presha. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Bila presha, maji huko huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100.