Mawe yana gramu 5 za dhahabu kwa tani, hela inaliwa wapi?

Mkorosho_Ruangwa:
Wakuu habari za saa hizi. Mi na shemeji yangu hela ya korosho tumeitia kwenye duara (shimo la dhahabu) huku Namungo. Sampo maabara imetoka gramu 5 kwa tani, tukapiga hesabu kwenye simu tukaona tumeshatoboa. Sasa tumesaga tani 10, matarajio gramu 50, imetoka 18 tu, sokoni mashine ikasoma usafi asilimia 88, tukatoa gharama za karasha (mashine ya kusaga mawe), dizeli, zebaki na vijana wa mwalo (wanaoosha unga wa mawe) tukabaki tunatazamana. Kuna jamaa anasema twende plant ya saianaidi (sumu inayoyeyusha dhahabu), mwingine anasema huko ndo tutaliwa zaidi. Hivi gharama za uchenjuaji (kutoa dhahabu kwenye mawe) mnazihesabuje kabla ya kuanza? Au tumepigwa?

Baba_Karasha:
Marudio yako, yale matope yanayobaki baada ya kuosha, yako wapi mkuu?

Mkorosho_Ruangwa:
Yamebaki palepale kwa mwenye karasha, alisema ndo utaratibu wa pale kila mtu anaacha.

Baba_Karasha:
Haya sasa. Zebaki inakamata dhahabu iliyo huru tu, ile iliyojificha ndani ya jiwe inapita na tope, mara nyingi unachopata hakifiki hata nusu. Kama kweli ulikuwa na 50 basi kama 34 zimelala kwenye yale matope, maana 18 zako kwa usafi wa 88 ni kama 16 tu za dhahabu safi. Mi mwenyewe nina karasha nakwambia ukweli, ukiona mtu anakusagia kwa bei chee ujue anakula kwenye marudio, anayakusanya yakifika tani za kutosha anapeleka kwenye vati (tangi la kuloweka kwa saianaidi). Kwa hiyo gharama yako kubwa haikuwa dizeli wala vijana, ni hizo 34 ambazo hamkuziandika popote. Hapo mnaongea mapema kabla jiwe la kwanza halijaingia, nikilipa bei kamili marudio ni yangu au vipi.

fundi_elusheni:
Baba Karasha kasema kweli ila usikimbilie vati kichwa kichwa. Jiwe likiwa zuri saianaidi inaweza kutoa 80 mpaka 90 kwa mia, lakini hapo kuna saianaidi yenyewe, chokaa (pH ikae juu ya 10, ikishuka inatoa gesi inaua watu), kaboni (inayonasa dhahabu), maji, siku za kuloweka, afu kaboni unaipeleka elusheni (kuitoa dhahabu kwenye kaboni) nako unalipa. Na gharama hizi nyingi hazijui jiwe lako lina gramu ngapi, tani ya gramu 2 na tani ya gramu 8 zinakunywa dizeli ileile. Mi huwa nahesabu kwa gramu sio kwa shilingi: kuchimba, kubeba, kusaga na kuchenjua tani moja ni sawa na gramu ngapi? Ikija 2, basi mwamba wa 2 uacheni hukohuko chini hata kama unawaka.
Kingine, mkiona ukijani kwenye mawe hiyo ni shaba, inakula saianaidi balaa. Na dhahabu ikifungwa ndani ya salfaidi (madini yenye salfa) saianaidi haiifikii. Hata mgodi wa Bulyanhulu wana shaba humo humo ndo maana walikuwa wanatengeneza makinikia (mchanga wenye madini) yakayeyushwe nje, yale yaliyozuiwa 2017. Fanyeni kwanza jaribio la chupa, unga kidogo unazungushwa kwenye saianaidi siku moja mbili mnajua inatoka ngapi.

Dada_Nachingwea:
Na msisahau mrabaha wa serikali, ada ya ukaguzi na ushuru wa huduma, vinakatwa kwenye mauzo sio kwenye faida. Hata ukiuza kwa hasara unakatwa bana.

Mkorosho_Ruangwa:
Aisee. Hilo jaribio la chupa linafanyika wapi, Mtwara lipo?

fundi_elusheni:
Ulizia GST (taasisi ya serikali ya jiolojia na utafiti wa madini) Dodoma, wana maabara. Ila kaka hiyo sampo ya gramu 5 aliyechagua mawe ni nani? Kama ni shemeji aliokota yanayong'aa tu, rudieni, chukueni kidogo kidogo kwenye kila kiroba mchanganye.

Mkorosho_Ruangwa:
😅 ni shemeji